Bwana Shati, Aliyekufa Kabla ya Kurudi Nyumbani

Ngagara, Bujumbura

Bwana Shati,

Sijui jina lako litamkwe vipi. Radio ililitamka hivi kwenye habari za mchana na vingine kwenye habari za jioni, na hakuna hata namna moja iliyokaribia jina ulilokuwa nalo hapa kwetu. Hapa uliitwa Shati, kwa ajili ya lile shati jeupe ulilovaa filamu nzima. Lilichafuka, likaloa mvua, likapasuka begani, na asubuhi yake lilikuwa safi tena. Baba yangu alikuwa akiuliza ni nani aliyekuwa akikufulia. Hilo ni swali lake, nimekuletea kwa niaba yake. Mimi nina ya kwangu, na ndiyo maana nakuandikia, ingawa najua hutajibu na sina hata mahali pa kuituma barua hii.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichokuwa ukisema. Najua kwamba kwenu hamkisemi. Lakini katika ukumbi wa sinema wa Buyenzi, kabla mimi sijazaliwa, Mzee Saidi aliyekuwa akiendesha mashine alikaa na maikro, kile kipaza sauti, mle ndani ya kijichumba chake na kukusemea. Alikuwa hajui Kihindi hata neno. Alikuangalia uso, akaamua unasema nini, akawaambia watu. Kwa hiyo kila neno lako ninalolijua ni lake. Ulisema nini hasa, wewe mwenyewe? Ulikuwa na sauti nzito au nyembamba? Nimeishi na wewe nyumbani tangu utotoni na sauti yako siijui.

Habari ya kifo chako ilitufikia Mama akiwa anachambua maharage. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki na rula, hapendi makelele. Radio ilikuwa dirishani, imewashwa kwa muda mfupi tu, maana betri zimekuwa adimu tangu nchi jirani zilipotufungia mipaka. Msomaji alisema kwamba mwigizaji mashuhuri wa filamu za zamani za Kihindi amefariki, akataja jina, akataja ile filamu. Halafu akaendelea na mambo mengine. Mama aliweka ungo chini. Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri kama anayetaka kukirudisha kabatini, akaketi juu ya sakafu na kupiga ukelele.

Bwana Shati, sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mama yangu. Hata kuku wa jirani walikimbia.

Unajua, au hujui, jinsi ukelele unavyosikika katika mji wetu miaka hii ya vita. Watu hawaulizi kuna nini. Wanauliza ni nani. Mama Divine wa nyumba ya pili ndiye aliyefika kwanza, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko.

"Ni nani? Mama Ineza, ni nani?"

"Ni Shati," Mama akasema.

"Shati gani?"

"Shati wa sinema. Amekufa."

Mama Divine alinitazama mimi, akamtazama Mama, akaitazama radio. "Weye! Mi nimeacha chungu juu ya moto, nimekimbia bila viatu, kumbe ni juu ya Muhindi wa sinema?"

Lakini hakuondoka. Alijifuta mikono, akakaa karibu na Mama, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Alikuwa na macho yule mutu." Wakaja wanawake wengine. Wale wa rika la Mama walikukumbuka wote. Mmoja alikumbuka ulivyoruka kutoka kwenye treni, mwingine akasema apana, hukuruka, ulisukumwa, wakabishana juu yako mpaka jua likaanza kuzama na ikabidi kila mtu arudi kwake kabla ya saa za kutotoka nje. Walicheka, nao walilia kwelikweli. Nilisimama mlangoni nikiwa na birika la chai, na jambo moja tu lilikuwa kichwani mwangu: kwa Baba, Mama hakulia.

Lazima nikueleze habari za Baba.

Alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Asubuhi moja ya zile siku tulizoziita ville morte, vijana walipokuwa wakifunga barabara kwa magogo na matairi na mji wote ukilala kama umekufa, mtu alikuja kumwita. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka na hospitali haikuwa na maji. Mama alisema asiende. Baba akasema wagonjwa hawawezi kungoja vijana wachoke. Alichukua sanduku lake la vifaa, akamwambia Mama, "Narudi saa hizi." Hakurudi. Mmoja alisema alionekana akipandishwa kwenye lori. Mwingine akasema apana, yuko Uvira, ng'ambo ya ziwa, amevunjika mguu. Tuliambiwa pia kuhusu kambi moja Tanzania ambamo kuna fundi wa maji asiyesema jina lake. Kila habari ilikuja na mtu aliyeisikia kwa mtu mwingine. Mtoto wangu wa kwanza, kama nitampata, nitamfundisha kuuliza swali hili kabla ya mengine yote: nani aliyeona?

Mpaka leo hatujapata aliyeona.

Na wewe unaingiaje hapa? Unaingia jioni. Baba na Mama walijuana katika ukumbi ule wa Buyenzi, wakati wa filamu yako, Mama akiwa binti wa mtaa wa Bwiza aliyetoroka mazoezi ya kwaya. Tangu walipooana, Baba kila alipotoka kazini alipitia kwenye bomba la uani, akakunja suruali, akanawa miguu taratibu akiwa ameupa mlango mgongo, kama ulivyofanya wewe uliporudi kwa mkeo. Mama alitakiwa asimame kwenye mlango wa jikoni na kusema maneno ya mkeo, yaani maneno ya Mzee Saidi: "Umekawia. Chakula kimepoa." Wakati mwingine chakula kilikuwa bado kinachemka, akayasema hivyohivyo. Wakati mwingine walikuwa wamegombana asubuhi, na Baba alinawa miguu mpaka maji yakajaa uani akingoja, na Mama akakaa kimya kumtesa, mimi nikapiga kelele, "Mama, sema basi!" Ndipo akasema.

Nilikuwa nawaonea haya mbele ya rafiki zangu. Leo ningetoa chochote.

Basi Mama alikulilia siku tatu. Aliomba ruhusa shuleni, na sijui aliwaambia ni msiba wa nani. Hakupika. Majirani walileta ubwabwa na dagaa, wakala wao wenyewe. Siku ya tatu akaja Baba mdogo, ndugu yake Baba, anayeishi Nyakabiga na ana duka dogo la sabuni na chumvi. Yeye huingilia uani bila kubisha, akiita tangu njiani. Alikuwa amesikia. Nadhani mji wote ulikuwa umesikia.

"Shemeji," alisema, hata salamu hakutoa, "ni kweli?"

"Nini?"

"Kwamba unamulilia mutu wa sinema."

"Ni kweli."

"Na ndugu yangu?" Sauti yake ilipanda. "Tangu lini ninakuomba ufungue maombolezo? Tangu lini? Watu wa ukoo wananiuliza mimi. Padri ananiuliza. Nyumba imening'inia hewani, haina maombolezo, haina kuganduka, hakuna anayejua akusalimie vipi. Halafu unakaa chini kwa ajili ya huyu? Huyu alikujua? Alikuletea hata kilo ya muchele?"

Kuganduka, Bwana Shati, ni siku ya kuondoa maombolezo. Ukoo unakaa pamoja, watu wananyweshana pombe, wanasema yaliyobaki kusemwa juu ya marehemu, halafu walio hai wanaruhusiwa kurudi kwenye kazi zao na furaha zao. Lakini huwezi kuondoa kitu ambacho hakikuwekwa. Baba hakuwahi kuwekewa maombolezo. Kwa hiyo Mama hakuwa mjane wala hakuwa mke. Kanisani aliacha kukaa na kina mama wenye waume, lakini hakuhamia kwa wajane pia. Alikaa nyuma karibu na mlango, na wajumbe wa jumuiya wakajifanya ni kwa sababu ya joto.

Mama alikuwa akitazama mikono yake. Kisha akasema, "Huyu wamemtangaza."

Baba mdogo alitoka kwa hasira, akasahau kofia.

Mimi nilibaki na yale maneno mawili. Nilidhani nimeyaelewa, na uelewa wangu uliniogopesha. Niliona kwamba Mama anaishi ndani ya filamu yako. Kwamba anamngoja Baba uani kwa sababu mwisho wa filamu, kwa walivyokuwa wakiuigiza, wewe unarudi, na sasa kwa kuwa umekufa kweli, amepoteza aliyekuwa akimhakikishia. Mimi ni msomi, nimefundishwa kutafuta chanzo cha kila jambo, na nilipanga kwenda kuchunguza kama vile Mama ni somo. Kwenye filamu yenyewe niliwahi kupelekwa mara moja nikiwa mdogo, ilipoonyeshwa tena, lakini nililala kwenye mapaja ya Baba kabla ya mwisho. Kwa hiyo nikaamua kwenda kumwuliza Mzee Saidi filamu inaisha vipi hasa.

Kutoka kwetu mpaka Buyenzi si mbali. Ila kuna miaka ambayo mtu hakuvuka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine bila kufikiri mara mbili kuhusu sura yake, watu watamhesabu wa kabila gani. Nilikwenda asubuhi, katikati ya watu. Ukumbi wako siku hizi ni ghala la unga. Mzee Saidi anatengeneza radio kwenye kibaraza cha nyumba yake, kofia ya kufuma kichwani, waya za kila rangi miguuni.

"Binti ya Fundi Maji!" alisema kabla sijajitambulisha. "Unatembea kama yeye. Kaa. Apana hapo, hapo kuna chuma moto, utaungua halafu mama yako anikamate. Nimesikia analia. Mi pia nililia, lakini mi nililia ndani, wake zangu wasinicheke."

Nilimwuliza mwisho wa filamu. Alianza kutabasamu, akaweka kando radio ya mtu.

"Unataka mwisho wake, ama mwisho wangu?"

Ndipo nilipoyajua haya ninayokuambia. Filamu ilikuja ndani ya makopo ya bati, mkanda umezungushwa kwenye magurudumu wanayoyaita bobini, moja baada ya nyingine. Usiku wa kwanza Mzee Saidi alizionyesha kama zilivyopangwa. Ulirudi nyumbani, ukanawa miguu, mkeo akasema chakula kimepoa, watu wakapiga makofi, wengine wakaanza kutafuta viatu vyao chini ya mabenchi. Kumbe bado kuna bobini moja. Katika hiyo unakwenda sokoni, unachomwa kisu, unabebwa, unazikwa, basi.

"Nikasema kwenye maikro, 'Ndugu zangu, Shati amekufa.' Weye! Hujaona vita. Viatu vikaruka. Benchi likavunjika. Mutu mmoja akapanda mpaka kwenye mulango wangu, anapiga ngumi, 'Saidi, toka! Umemuua!' Mimi! Nimemuua na nini? Lakini nani aliyesema amekufa? Si mimi? Wiki nzima nikipita sokoni wananiita muuaji. Mama yangu mwenyewe akaniuliza juu ya nini sikunyamaza."

"Ukafanya nini?"

"Nikabadilisha bobini. Tangu siku ile akafa kwanza, halafu akarudi."

"Na watu hawakuuliza? Mtu anazikwa, halafu ananawa miguu?"

"Binti, waliuliza nini? Wakasema wale walikosea, walizika mutu mwingine, Shati alikuwa safarini. Kila mutu alikuwa na maelezo yake. Mi sikusema lolote. Nilikuwa nimeshajifunza."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nikitazama miguu yangu, na nilikuwa nikikuuliza wewe: je, ulijua? Kwamba uko mji mmoja kando ya Ziwa Tanganyika ambamo ulikufa kabla ya kurudi nyumbani, na watu wakaona ni sawa? Ungekasirika? Nimefikiri sana kama mwigizaji ana haki ya kufa kwa mpangilio alioupanga. Nimefikiri pia kwamba labda ungefurahi. Hata sasa sijui.

Nilijiambia lazima nimwambie Mama. Nilijipanga kwa upole, kama daktari. Alikuwa anaosha vyombo uani, maombolezo yako yamekwisha, kitambaa kimerudi kichwani. Nilimweleza kwamba ile filamu ilionyeshwa kinyume. Kwamba kweli yake ni kwamba Shati anarudi kwanza, na baadaye anakufa, na harudi tena.

Mama alisuuza sahani moja. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka sahani ikamponyoka.

"Ineza, mwanangu," akasema, "mimi nilikuwepo usiku wa kwanza. Kiatu cha kwanza kurushwa kilikuwa cha baba yako. Alirudi kwao na kiatu kimoja. Ndiyo maana nilimpenda."

Nilikaa juu ya ndoo.

"Wewe ulifikiri mama yako anangoja mume kwa sababu ya sinema?"

Niliinama, nikaiokota ile sahani.

"Mimi sijafa akili. Lakini nani amekuja kuniambia? Baba yako mdogo ananiambia, fungua maombolezo. Padri ananiambia, mkabidhi Mungu. Wewe unaniambia, Mama, ni lazima tukubali. Tukubali nini? Hakuna hata mmoja wenu aliyefungua mdomo akasema amekufa. Mnasema hayupo. Mnasema alipotea. Mnasema tangu yale mambo. Mnataka niseme mimi. Mke atampelekea nani habari ya mume wake? Atajipelekea mwenyewe? Shati wamemtangaza. Mtu alikaa kwenye radio, akasema jina lake, akasema amekufa. Nikajua la kufanya. Nikakaa chini."

Kwa Kirundi tuna neno kwa kazi ile, kubika, kumpelekea mtu habari ya kifo. Ni kazi ya mtu. Anatumwa mtu, anafika, anapewa maji, anasema. Na mtu huyo hapendwi, kama Mzee Saidi na maikro yake. Anayesema amekufa, huwa kama ameshika kisu. Ukimtangaza aliye hai, umemwua kwa mdomo, na lawama hiyo haitoki. Sote tulilijua hilo bila kulifikiri. Kwa hiyo sote, kwa adabu na kwa woga, tulikuwa tumemwachia Mama kisu.

Nilikwenda Nyakabiga kesho yake, nikiwa nimebeba ile kofia. Baba mdogo alikuwa akikata mche wa sabuni kwa uzi. Nilingoja mteja aondoke, nikamwambia.

Hakunielewa, au hakutaka. "Mara ngapi nimemwambia?"

"Umemwambia afungue maombolezo. Hujamwambia kwamba Baba amekufa."

"Si ni kitu kimoja?"

"Basi sema. Niambie mimi hapa, nisikie."

Uzi ulibaki katikati ya sabuni. Alifungua mdomo, Bwana Shati, nikaona ulimi wake ukijaribu. Kisha akasema kwa ukali, "Unataka nimuue ndugu yangu kwa mudomo wangu? Mi ndiye mudogo wake! Alinibeba mgongoni kwenda shule! Na kesho akitokea pale njiani na sanduku lake, mi nitaficha uso wangu wapi?"

"Kwa hiyo bado unamngoja," nikasema.

Alinifukuza dukani. Sikumkasirikia. Njia nzima nilikuwa nikishangaa kwamba yule aliyepiga kelele kuliko wote ndiye aliyekuwa akingoja kuliko wote, na kwamba sikuwahi kumwuliza.

Jumapili, baada ya misa, mtu alibisha hodi kwenye mlango wa mbele. Mlango huo hatuutumii. Nililazimika kusogeza meza. Alikuwa Baba mdogo, amevaa koti la harusi yake, limembana. Alisimama nje mpaka Mama aliposema karibu. Hakukaa. Aliomba maji. Nilimletea kwenye bilauri, akanywa, nusu ikamwagika kwenye koti.

Hakumwita shemeji. "Mama Ineza," alisema. "Nimetumwa kwako na habari."

"Umetumwa na nani?" Mama akauliza.

Alifikiri. "Na ukoo."

"Iseme."

Nje kulikuwa na watoto wakicheza na gurudumu. Nilitamani wanyamaze, na nilitamani wasinyamaze.

"Mume wako," akasema. "Ndugu yangu. Amekufa."

"Umemwona?"

"Apana."

"Umeonana na aliyemwona?"

"Apana. Nimekuja mimi."

Nilitaka kusema kitu. Akili yangu yote ya shule ilitaka kusema kwamba hakuna aliyeona, kwamba hii si habari, ni dhana. Nilitazama uso wa Baba mdogo na sikuweza. Alikuwa amesimama kama mtu anayengoja kurushiwa kiatu.

Mama aliinuka, akaenda kuuchukua mkeka nyuma ya kabati, akautandika katikati ya chumba.

"Umefika," akamwambia. "Pole kwa safari. Kaa."

Baba mdogo ndiye aliyeanguka kwanza. Mama alimshika kichwa, akakiweka begani. Wewe alikulilia kwa sauti, Bwana Shati. Kwa Baba hakutoa sauti kabisa, aliyumba tu, mbele na nyuma, mkono mmoja ukinitafuta hewani mpaka nilipoupa wangu. Mama Divine aliingia na kuni, akawasha moto uani kwetu bila kumwuliza mtu. Ilipofika jioni nyumba ilikuwa imejaa. Kila aliyeingia alijua amsalimie Mama vipi.

Nakuandikia nikiwa bado kwenye mkeka huo. Jana usiku nilimwuliza Mama, kwa sababu siwezi kujizuia kuuliza: na kama yuko Uvira kweli? Alisema, "Akirudi, atapambana na mdogo wake. Mimi nimeambiwa." Kisha akalala, usingizi mzito, mdomo wazi, sijamwona hivyo tangu nikiwa sekondari.

Yapo mengi ambayo sitayajua. Sijui kama walikuzika au walikuchoma, radio haikusema. Sijui kama una mke, na kama yeye alikuwa na wewe au alipelekewa habari, na ni nani aliyepewa kazi ya kumpelekea. Ningependa kumjua mtu huyo kuliko ninavyopenda kukujua wewe. Na sijui kama huko mliko watu wasiokuwa na lugha moja hukutana. Kama hukutana, basi Baba atakutafuta. Mvumilie. Atakuiga mbele yako bila haya.

Hatujapanga bado siku ya kuganduka. Baba mdogo anataka tungoje mavuno ya mtama kwa ajili ya pombe, na barabara za mlimani zitulie ili ukoo uweze kushuka. Itakapofika, itakuja zamu yangu ya kusema. Nakuahidi hili: nitasimama, nitasema jina la Baba na kwamba amekufa, kwa mdomo wangu, bila kumwachia mtu mwingine. Na nikishalisema lake nitalisema lako pia, vyovyote linavyotamkwa, maana Mama alianza nawe na si haki tukuache huko peke yako. Watakaotaka kucheka, wacheke. Watakuwa wameruhusiwa.

Nenda salama, Bwana Shati. Asante kwa kutufungulia njia.

Ineza